Ukiumia Hapa, Unamwita Nani?

Nikikutana na mtu anayefanya kazi kupitia wakala, kabla hata ya kumuuliza habari za mshahara, kuna swali ninalomuuliza kwanza: ukiumia pale kazini, unamwita nani? Wengi huanza kujibu haraka, halafu wanasita. Msimamizi. Msimamizi wa nani? Wa kiwandani. Ndiye aliyekuajiri? Hapana, mimi ni mtu wa wakala. Wakala ana mtu wake pale? Hana, ila kuna namba ya simu. Na zamu ya usiku, hiyo namba inapokelewa? Hapo ndipo mazungumzo huishia, au hugeuka kicheko.

Nimefanya kazi za namna hiyo kwa miaka kadhaa, maghalani zaidi, viwandani kidogo, na kipindi fulani usafi wa ofisi usiku. Sikuumia vibaya, na sidai kwamba kila wakala ni mnyonyaji. Wapo walionitafutia kazi nilipokuwa sina pa kuanzia, wakanilipa kwa wakati. Malalamiko yangu ni juu ya mfumo wenyewe ulivyosukwa, maana hata watu wema wakiwekwa ndani yake, usalama wa mfanyakazi huangukia mahali pasipo na mwenyewe.

Mpango unaeleweka kirahisi. Wakala anakusajili, anakupa mkataba na kukulipa. Kampuni nyingine, nitaiita kampuni mwenyeji, ndiyo yenye jengo, mashine, msimamizi na saa ya kuingia. Mwenyeji anamlipa wakala kwa saa ulizofanya, wakala anakata chake, kinachobaki kinakufikia. Kwenye karatasi una mwajiri mmoja. Ukishaingia kazini unakuta una mabosi wawili: yule anayejua jina lako hajui unafanya nini, na yule anayekuona unavyofanya hajui jina lako. Tumezoea kusema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Huku fahali hawapigani kabisa. Wanapishana kwa adabu, kila mmoja akidhani mwenzake ameshughulikia, na nyasi zinaumia vile vile.

Biashara hii si ya jana. Kampuni kubwa za mwanzo za kukodisha wafanyakazi zilizaliwa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili: Kelly mwaka 1946 huko Detroit, Manpower mwaka 1948 huko Milwaukee. Ziliuza huduma nyepesi, karani wa kushika nafasi ya mwenzake aliye likizo, mpiga chapa wa wiki mbili. Kwa kazi ya ofisini ya wiki mbili, suala la nani amekufundisha kuzima mashine halikuwa na uzito. Mpango ule ule ulipohamia maghalani, viwandani, mashambani na kwenye ujenzi, hatari ilibadilika lakini mkataba ulibaki na umbo lile lile.

Nianze na mafunzo, kwa sababu hapo ndipo pengo linapoonekana waziwazi. Taasisi ya Kazi na Afya ya Toronto imechunguza kwa miaka mingi uhusiano kati ya ugeni kazini na kuumia, na matokeo yake hayajabadilika sana: mtu aliye katika mwezi wake wa kwanza kwenye kazi ana uwezekano wa zaidi ya mara tatu wa kuumia hadi kushindwa kuja kazini, akilinganishwa na aliyekaa zaidi ya mwaka. Haishangazi. Mgeni hajui sakafu inateleza wapi, foklifti hutokea upande gani, wala mlango upi hufungwa usiku. Sasa mfikirie mtu wa wakala. Wiki hii yuko ghala la vinywaji, wiki ijayo kiwanda cha plastiki, mwezi ujao machinjioni. Anaweza kufanya kazi mfululizo miaka mitano bila kuumaliza mwezi wa kwanza. Uzoefu anao, ila ni uzoefu wa kuwa mgeni. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Washington na kuchapishwa mwaka 2010, ukitumia madai ya fidia, ulikuta wafanyakazi wa mawakala wakiumia kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wenzao walioajiriwa moja kwa moja.

Na mafunzo yenyewe yakoje? Kwa niliyoyaona mimi, ofisini kwa wakala unaonyeshwa video fupi: pinda magoti unaponyanyua mzigo, usikimbie, vaa miwani. Unasaini fomu kwamba umefundishwa. Kesho yake unafika kwa mwenyeji, unakabidhiwa vesti inayong'aa, unaambiwa simama pale, fanya kama anavyofanya yule. Basi. Mwenyeji ameona fomu ya wakala, ameridhika kwamba umefundishwa. Wakala anaamini mwenyeji atakufundisha mashine zake, maana yeye hata hajawahi kuziona. Hakuna aliyedanganya. Na wewe umesimama mbele ya mashine ya kufungia mizigo bila kujua kitufe cha kuisimamisha kiko wapi.

Mimi nilionyeshwa kitufe hicho na mzee mmoja wa pale, mwajiriwa wa kudumu, ambaye haikuwa kazi yake. Alinishika bega, akanivuta nyuma ya mashine, akasema, "Kijana, kabla hujagusa chochote, hiki hapa. Na kile pale. Na hiki cha kwanza usikitegemee sana, wakati mwingine kinagoma." Kisha akarudi kwenye kazi yake. Sijawahi kupata mafunzo ya usalama yaliyoyashinda hayo, na yalitegemea huruma ya mtu mmoja. Mzee angekuwa likizo siku ile, ningeanza kazi vivyo hivyo.

Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, iliona jambo hili baada ya mfululizo wa vifo vya wafanyakazi wa muda, baadhi yao wakiwa katika siku zao za kwanza kazini. Mwaka 2013 ikaanzisha mpango maalumu juu ya wafanyakazi wa mawakala. Msimamo wake ni kwamba wakala na mwenyeji ni waajiri wa pamoja: wakala atoe mafunzo ya jumla, mwenyeji atoe mafunzo ya kazi yenyewe na mashine zenyewe, sawasawa na anavyowapa watu wake. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba wakala haruhusiwi kujificha nyuma ya kutojua. Hatakiwi kuwa mtaalamu wa kila mashine, lakini anatakiwa kuuliza, kwenda kuona, na kuhakikisha mwenyeji ametimiza wajibu wake kabla ya kumpeleka mtu. Kwa maneno mengine, asikupeleke mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga. Nikiwakumbuka mawakala wote walionipeleka sehemu, nashindwa kumtaja aliyewahi kukanyaga.

Vifaa vya kujikinga navyo vina mchezo wake. Viatu vya chuma mbele, glavu, kofia ngumu, vizibo vya masikio: nani anunue? Mwenyeji anasema mleteni mtu akiwa kamili. Wakala anasema vifaa hutegemea kazi, na kazi ni yako. Suluhisho linalopatikana mara nyingi ni kukata kwenye malipo ya mfanyakazi, kidogo kidogo, kwa jina zuri kwenye hati ya mshahara. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) Na. 155 wa mwaka 1981 unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini hazipaswi kumgharimu mfanyakazi chochote. Sentensi fupi, isiyo na kona. Ukiona makato ya viatu vya usalama kwenye hati yako, uliza yametokana na sheria ipi ya nchi yako, na uliza kwa maandishi. Wakati mwingine kuuliza tu kunayaondoa.

Lakini hayo ya mafunzo na viatu ni mepesi ukilinganisha na hili linalofuata.

Rafiki yangu mmoja alikuwa kwenye mkanda wa kusafirisha maboksi. Mkanda ukakwama. Msimamizi akamwambia aingize mkono autoe uchafu, mkanda ukiwa unawaka, kwa sababu kuuzima na kuuwasha upya kunakula muda na zamu ilikuwa nyuma ya lengo. Akakataa. Hakupiga kelele, hakutukana. Alisema, "Bosi, uzimwe kwanza." Ukazimwa, kazi ikaendelea, hakuna aliyemkaripia. Jioni akaenda nyumbani. Kesho yake ujumbe wa simu wa kumpangia zamu haukuja. Keshokutwa haukuja. Akampigia wakala, akajibiwa kwa upole kabisa kwamba mteja amepunguza idadi ya watu, akae karibu na simu, kikitokea kitu watamwita.

Hakufukuzwa. Nataka jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu nguvu yote ya mfumo iko hapo. Mwajiriwa wa kudumu akikataa kuingiza mkono kwenye mashine inayozunguka, ili kumwadhibu lazima pawe na barua, kikao, sababu, na mahali pa kukata rufaa. Mtu wa wakala hahitaji hata barua, simu ikinyamaza inatosha. Mwenyeji hakumfukuza, maana hakumwajiri. Wakala hakumfukuza, maana jina lake bado liko kwenye orodha. Utamshtaki nani, na kwa kosa gani? Kwamba hukupigiwa simu?

Mkataba ule ule Na. 155, kifungu cha 13, unataka mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba kuna hatari kubwa ya papo kwa papo kwa uhai au afya yake alindwe dhidi ya madhara yasiyostahili. Mwezi Juni 2022 Mkutano wa Kimataifa wa Kazi uliingiza mazingira salama na yenye afya katika orodha ya haki za msingi kazini, kwa hiyo kila nchi mwanachama wa ILO inapaswa kuiheshimu kanuni hiyo hata kama haijaridhia mkataba wenyewe. Ni hatua kubwa, siibezi. Ila haki ya kukataa imeandikwa kana kwamba adhabu daima huwa na sura na tarehe. Kwa mtu wa wakala, adhabu hufanana na siku ya kawaida isiyo na kazi. Sheria inayotaka kumlinda kwa kweli ingepaswa kugeuza mzigo wa kuthibitisha: mtu akiripoti hatari, kisha saa zake zikashuka ghafla, wakala na mwenyeji ndio waeleze kwa nini.

Kuna pia hesabu za ajali. Sehemu nyingi kuna ubao karibu na lango: siku kadhaa bila ajali. Siku hizi sipiti penye ubao wa namna hiyo bila kujiuliza watu wa wakala wamehesabiwa au la. Pale ambapo ajali ya mtu wa wakala inaandikwa kwenye vitabu vya wakala peke yake, mwenyeji anaweza kuwa na ubao safi na sakafu chafu. Kanuni za Marekani zimeliona hilo: anayemsimamia mfanyakazi siku hadi siku ndiye anayepaswa kuandika ajali kwenye rejesta yake, hata kama mshahara unatoka kwingine. Nchi nyingi zingefaidika kwa kuiga kanuni hiyo moja tu, kwa sababu mkaguzi huenda kule ambako namba zimemwambia aende.

Halafu pesa. Mara nyingi bima ya fidia ya mtu wa wakala hulipwa na wakala. Pale ambapo viwango vya bima hupanda kufuatana na historia ya ajali, ajali iliyotokea kwenye mashine ya mwenyeji hupandisha gharama za mtu mwingine. Mwenyeji amekodisha mikono, na pamoja na mikono amekodishiwa pa kutupia gharama za kuiumiza. Wakala naye anashindana na mawakala wenzake kwa bei ya saa moja ya kazi, na zabuni ikibanwa, kinachokatwa kwanza ni kile ambacho mteja hakioni: siku ya mafunzo, jozi ya pili ya glavu, afisa wa kuzunguka kukagua. Ndiyo maana sina imani sana na semina za kuwahimiza waajiri wawe na moyo. Bei ikiwa mbovu, moyo hausaidii.

Sheria zimejaribu njia mbalimbali. Mkataba wa ILO Na. 181 wa mwaka 1997 uliwakubali mawakala binafsi kama sehemu ya soko la kazi, ukakataza kwa ujumla kumtoza mfanyakazi ada, na kuzitaka nchi ziamue na kugawa majukumu kati ya wakala na kampuni inayomtumia mfanyakazi: mishahara, saa za kazi, mafunzo, usalama, fidia ya ajali, uzazi. Umoja wa Ulaya ulikwisha kusema mwaka 1991 kwamba kwa muda wote wa kazi, kampuni mwenyeji inawajibika kwa usalama wa mfanyakazi wa wakala, bila kumwondolea wakala wajibu wake, na mwaka 2008 ukaongeza kanuni ya kutendewa sawa katika masharti ya msingi kama malipo na saa. Ufaransa imeenda mbali kidogo, imepiga marufuku kuwatumia wafanyakazi wa muda kwenye baadhi ya kazi za hatari sana, kuondoa asibesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake huweza kuleta ugonjwa wa mapafu miaka mingi baadaye, ikiwa mojawapo. Ninaiunga mkono. Kama kazi inahitaji mtu afuatiliwe afya kwa miongo, haimfai mtu ambaye mwajiri wake atakuwa amesahau jina lake kabla ya mwaka kuisha.

Namibia ilichagua shoka. Sheria yake ya kazi ya 2007 ilipiga marufuku kabisa ukodishaji wa wafanyakazi, na kumbukumbu ya mfumo wa kazi za mkataba wa enzi ya ukoloni ilikuwa na nafasi kubwa katika uamuzi huo. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikaifuta marufuku hiyo kwa kuwa ilikiuka uhuru wa kufanya biashara uliomo kwenye katiba. Afrika Kusini ilichukua njia nyingine: kuanzia 2015, mfanyakazi wa wakala mwenye kipato chini ya kiwango kilichowekwa, akizidi miezi mitatu kwa mteja, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mteja huyo kwa madhumuni ya sheria ya mahusiano ya kazi. Mawakala walibisha kwamba hapo waajiri wanakuwa wawili. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ikasema hapana, mteja ndiye mwajiri pekee.

Katika mahusiano ya kazi naona mantiki ya kumtaja mmoja. Kwenye usalama nafikiri tofauti, na hapa najua sitakubaliana na wanasheria wengine. Neno wanalolipenda ni mgawanyo: wakala abebe hiki, mwenyeji abebe kile. Mgawanyo ukiwa wazi ni bora kuliko ukimya, lakini kila mstari unaouchora kati ya wawili ni mahali pengine pa kudondokea. Mimi nataka majukumu yapandane. Wote wawili wawajibike kwa mafunzo, wote wawili wadaiwe fidia, na mfanyakazi aende kwa yeyote aliye karibu. Watakavyorudishiana baadaye ni shauri lao, wana mawakili. Mtu akijua kwamba atalipa hata kama kosa ni la mwenzake, ataanza kumchungulia mwenzake.

Wakati sheria hizo hazijafika ulipo, yapo unayoweza kufanya, na hayahitaji ushujaa. Kabla ya siku ya kwanza, mwandikie wakala ujumbe mfupi uulize utafanya kazi gani hasa, kwa mashine gani, nani atakufundisha na nani umripoti ukiumia. Ujumbe, si simu, ili jibu libaki. Ukifika ukahamishiwa kazi tofauti na ile uliyotajiwa, hata kwa saa moja, mwarifu wakala siku hiyo hiyo. Hili wengi hulipuuza, na nimeona likitumika baadaye kumnyima mtu fidia kwa hoja kwamba hakutumwa pale. Ukiumia, waandikie wote wawili siku ile ile: saa, mahali, mashine, walioona. Hospitali au zahanati wakikuuliza umeumiaje, sema umeumia kazini na hakikisha imeandikwa. Jihadhari na msimamizi mkarimu anayekutolea pesa ya dawa mfukoni mwake na kukuomba mambo yaishie hapo. Kidonda cha leo kinaweza kuwa kidole kisichokunja mwezi ujao, na madai mengi ya fidia yana muda wa mwisho unaohesabiwa tangu siku ya ajali.

Na kukataa? Siwezi kukwambia ukatae tu, nikiwa nimekaa kwenye kiti. Naweza kukwambia kwamba kukataa kwa watu wanne ni kitu tofauti na kukataa kwa mmoja, na kwamba rafiki yangu angekuwa na hali nyingine kama waliosimama naye kwenye mkanda ule, waajiriwa wa kudumu hasa, wangesema nao: uzimwe kwanza.

Ndiyo maana nusu ya makala hii nawaandikia ninyi mlioajiriwa moja kwa moja. Mna kamati ya usalama, mna chama, mna mwakilishi. Kwenye kikao kijacho ombeni mambo mawili: ajali za watu wa wakala zisomwe pamoja na zenu, na mmoja wao aitwe kikaoni akiwa analipwa saa zake. Menejimenti itajibu kwamba hao si wafanyakazi wetu. Ombeni jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari, na mkaguzi akija, mpeni nakala.